Saadia aliweka hina mbele ya leza, na hakukubali kudanganya

Tangu Jumanne nafungua simu nimwandikie Saadia, halafu nakumbuka. Akili yangu imekataa hii habari, na kwa sasa nimeiacha ikatae.

Kwa wale ambao hamkumjua: Saadia alikuwa msichana wa Bulla Pesa hapa Isiolo, mwanafizikia, rafiki yangu tangu kidato cha kwanza. Valvu ya moyo wake ilikuwa mbovu tangu utotoni. Jumanne moyo ulisimama, akiwa nyumbani kwa mamake, wakamzika siku hiyo hiyo kama dini yao inavyotaka.

Kuna maneno nimesikia tangu siku hiyo. Ndiyo maana naandika.

Shuleni aliambiwa akae kivulini wakati wa michezo. Alikaa kivulini na kitabu cha fizikia, na mitihani ikija anatupita wote.

Chuo kikuu Nairobi mimi nilichukua kemia, yeye akachukua leza. Watu walidhani ni mambo ya sinema. Kumbe ni kazi ya subira: unapitisha mwanga wa leza kwenye lenzi mpaka ubanane mahali padogo sana, unasogeza sampuli polepole kupita hapo, na kifaa kilicho nyuma kinapima mwanga unaotokea.

Alinieleza tukila chapati. Kioo cha kawaida ukikipa mwanga mara mbili, kinatoa mara mbili. Lakini kuna vitu ambavyo mwanga ukizidi vinabadilika tabia, vinaupinda au kuuzuia. Siku moja vitu kama hivyo vinaweza kulinda macho ya watu dhidi ya mwanga mkali. "Ndivyo ninavyovipenda," akasema. "Ukivisukuma sana, vinakujibu."

Sampuli aliyochagua ilikuwa hina. Mamake hupaka maharusi hina pale Bulla Pesa, na Saadia alirudi chuo akiwa na mfuko wa unga wake. Mimi ndiye niliyetoa rangi na kuichuja. Wenzetu wa lab walicheka, wakauliza kama leza inaenda harusi. Akawaacha wacheke, akawasha mashine.

Grafu ya kwanza ilitoka na mlima mkubwa ajabu. Supervisor wake alifurahi sana, maana matokeo kama hayo yangempeleka Saadia kwenye mkutano ng'ambo.

Saadia hakufurahi. Alisema mipigo ya leza, yaani ule mwanga unaowaka na kuzima, inafuatana haraka mno, rangi inapata joto, na joto peke yake linaweza kupinda mwanga. Huenda walikuwa wamepima joto tu.

Aliambiwa aachane na hiyo story. Akapunguza mipigo ili sampuli ipate nafasi ya kupoa, akaanza upya kabisa. Wakati huo miguu ilikuwa imemvimba na daktari alishamwambia apumzike. Nilimletea kiti. Akakikalia, akaendelea.

Ule mlima ukapungua ukawa kilima kidogo. Lakini haukuisha. Hicho kilichobaki ndicho hina yenyewe ilichokuwa ikifanya.

Siku ya presentation supervisor alimtaka aonyeshe grafu kubwa peke yake. Saadia akaweka zote mbili ukutani, akaeleza ni ipi ya kuaminiwa. Mmoja wa wakubwa akamuuliza kama anajua kwamba anajinyima safari.

"Najua," akasema. "Lakini nikienda na hiyo kubwa, itabidi niitetee maisha yangu yote. Na mimi sina maisha marefu ya kutetea uongo."



Safari akapewa mwingine. Saadia alilia kwenye korido nikiwa nimemshika, akaosha uso, akarudi kazini. Baadaye watu wa lab nyingine, wasiomjua kabisa, walirudia kipimo kwa hina yao wenyewe. Wakapata matokeo madogo, yale yale ya Saadia. Supervisor ndiye aliyempigia simu kumwambia, na akamwomba msamaha. Namheshimu kwa hilo.

Alipodhoofika alirudi nyumbani. Hata hapo hakutulia. Aliomba lifti mpaka Oldonyiro, kwa wafugaji, akaongee na wasichana wa shule. Mzee mmoja akamuuliza, kwa heshima kabisa, mtoto wa wafugaji atafanya nini na leza. Saadia akamjibu, kwa heshima vilevile, kwamba atafanya alichofanya mtoto wa mama anayepaka hina.

Juzi nilienda kumpa mamake pole. Jirani mmoja akasema masomo ndiyo yamemmaliza huyu msichana, kwamba angeolewa akae nyumbani angekuwa hai. Wengine wakatingisha vichwa kukubali. Nilikuwa nafungua mdomo, Mama Saadia akanishika mkono.

"Moyo wake ulikuwa mgonjwa kabla hajajua kusoma," akasema, sauti ikiwa chini. "Waliniambia hatamaliza hata shule. Mimi mamake najua kilichokuwa kinamwamsha asubuhi. Msimseme mtoto wangu kwa kitu alichokipenda."

Chai ikaendelea kumiminwa.

Kwa hivyo wewe uliyeandika kwenye comments za tangazo la kifo chake kwamba alipoteza miaka yake akichezea taa, nisome vizuri. Hakupoteza hata mmoja. Alipewa michache, akaitumia kutafuta ukweli wa kitu kimoja. Akaupata, akausema mbele ya watu waliotaka kusikia kingine. Wewe na moyo wako mzima, umefanya nini?

Na hii post siifuti. Mwenye hasira anipigie.

Saadia, dadangu. Kila mtu anaandika upumzike kwa utulivu, na mimi nashindwa kuandika hivyo, kwa sababu sikukujua ukiwa umetulia. Pumzika unavyotaka wewe. Mwenyezi Mungu akupokee kwa mikono miwili, na ukiwa na swali, muulize mpaka akujibu.

Lala salama, msichana wa Bulla Pesa.