Mfuniko Chini ya Vigae

Si kweli kwamba fundi saa alikuwa amelewa. Pombe hakuwahi kuionja, na waliozoea kukaa naye kibarazani wanalijua hilo vizuri. Wala hakuteleza.

Alikuwa mtu wa kufungua kitu kingali kizima. Saa ya mteja ikitembea sawasawa, yeye huifungua aitoe vumbi. Nyumbani vivyo hivyo: kila mwaka, kabla ya mvua, aliinua mfuniko wa tangi la maji taka, akaliacha lipumue, kisha akazamisha mti mrefu alioufunga taulo jeupe. Taulo likitoka, lilimwonyesha tope limefika wapi. Likizidi, aliita gari la kunyonya. Mkewe, mwalimu wa sekondari, alilalamika kwamba taulo zake zinakwisha.

"Basi ninunulie nyeusi, mama watoto, nitazame giza juu ya giza."

Majirani walimwita Daktari wa Choo, naye akaitika.

Mdogo wake, aliyejenga mtaa wa pili, aliona haya gari lile lionekane mlangoni pake. Alipoutengeneza ua wake kwa ajili ya wageni wa heshima, aliutandika vigae ukuta hadi ukuta, mfuniko ukafukiwa humo humo. Kaka yake alipokuja na mkewe kumtembelea, aliuliza habari za tangi kabla hata hajakaa.

"Yaani tangu ujenge hujalifungua?"

"Kaka, halijanisumbua. Wewe ukipewa manukato utatafuta harufu ya choo."

"Hewa ya mle inakula zege kwa chini. Nondo zinaoza, huku juu unaona vigae vinang'aa. Nitakuja na patasi."

"Vigae vyangu niachie."

"Nionyeshe tu mfuniko ulipo."

Mdogo mtu akanyoosha kidole kwenye kona. Fundi saa akaenda, akachuchumaa, akagonga kigae kwa kifundo cha kidole, sikio chini, kama anavyosikiliza saa. Akageuka, akamwona mkewe anamfuata na glasi ya maji.

"Usisogee," alimwambia.

Sakafu ikakatika.

Walipomtoa tangini, alikuwa hapumui tena. Mkewe alimwosha uso kwa maji ya ile glasi. Hayakutosha. Akaendelea kumfuta kwa ncha ya khanga, akimwita kwa jina ambalo hakuwahi kumwita mbele za watu.

Saa za wateja amezirudisha zote, zikiwa zinatembea. Upande wa pili wa kitanda bado hajaweza kuutandua.

Aliyosemezana na shemeji yake kwenye korido ya hospitali yatabaki ya watu wawili. Aliyeanza kusema kwamba marehemu alikuwa amelewa, mjane anamjua. Jina la ukoo la mtu huyo na la marehemu ni moja, na watoto wanalibeba. Wanaokuja kumdadisi anawapa kiti na maji ya kunywa. Jibu hawapati.