Minza Alivyonitafsiria Sinema

Sisi tuliokulia Bariadi wakati barabara bado ni ya vumbi tulikuwa na ubao wetu. Uliegemezwa mlangoni kwa Mzee Ngasa, kwenye ghala lililokuwa la pamba kabla hajaliwekea mabenchi, televisheni na deki. Kila Ijumaa tukitoka shule tulikimbilia pale na sare zetu kuona ameandika nini kwa chaki. "Kesho saa nane mchana. Ya mapigano." "Jumamosi ijayo. Ya Kihindi, njooni na leso." Jina la sinema hakuandika. Nadhani hata yeye hakulijua.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa bwana shamba, amehamishiwa huku kutoka Morogoro, na mama tulikuwa tumemzika kule mwaka uliotangulia. Nyumbani tulikuwa wawili tu. Baba akiondoka kwa pikipiki kwenda Mwamapalala kukagua pamba, nilibaki na redio. Shuleni tulifundishwa kwa Kiswahili, lakini kengele ya mapumziko ikilia, rede na kombolela vilichezwa kwa Kisukuma. Nilisimama kando nikicheka wenzangu wanapocheka, bila kujua kinachochekesha ni nini.

Minza ndiye aliyenishika mkono. Alikuwa binti wa wafugaji, mrefu kuliko darasa zima, na mfukoni hakukosa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo ukitafuna utadhani unatafuna kokoto.

"Mbona wewe huongei?" aliniuliza.

"Sijui Kisukuma."

"Basi kaa na mimi."

Jumamosi nikakaa naye benchi la mbele, ghala linanuka mbegu za pamba na jasho letu. Mzee Ngasa alisimama kando ya televisheni akitafsiri kwa Kisukuma. Kiingereza hakukijua, na Kihindi ndiyo kabisa. Jambazi yeyote wa Marekani kwake aliitwa Maduhu, na watu wakifukuzana kwa magari alieleza kwamba wanagombania ng'ombe. Watu walicheka mpaka mabenchi yakayumba. Minza naye alinigeuzia kwa Kiswahili, mdomo umegusa sikio langu, nami nikacheka nikiwa nimechelewa kidogo, lakini safari hii nikijua ninachokicheka.

Katika sinema moja ya Kihindi, mama mmoja alianguka mvua inanyesha, mwanawe akawa anamtikisa.

"Amekuwaje?" nikauliza.

Minza alinitilia mchembe mkononi. "Amechoka. Wanampeleka kwa dada yake akapumzike."

Nikaridhika. Nyumbani nilimsimulia baba sinema yote hivyo hivyo. Akasema, "Vizuri, mwanangu," akainuka kwenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Mwaka uliofuata mvua zilikosekana. Baba yake Minza akahamisha ng'ombe na familia yote kwenda upande wa Mwandoya. Alhamisi tuliagana kwenye geti la shule, kesho yake dawati letu likawa langu peke yangu.

Miezi ikapita, ubao ukatangaza: "Jumamosi ijayo. Ile ya Kihindi mliyoiomba." Nilikwenda. Kisukuma nilikuwa nimeshakijua, hata ndotoni nilikiongea. Mvua ikanyesha, mama akaanguka, na Mzee Ngasa, ambaye hakuwa na kawaida ya kushusha sauti, akaishusha. Akasema mama wa mtoto huyu amekufa.

Nikageuka kumuuliza Minza. Pale pake palikuwa na mtu nisiyemjua.

Ndipo zikanijia sinema zote tulizotazama. Mama aliyesafiri. Mama aliyelala. Mama aliyekwenda kwa dada yake. Mwaka mzima, katika benchi lile, hakufa mama hata mmoja. Nililia mpaka picha ikaisha, na hakuna aliyeshangaa, maana kwenye ya Kihindi kila mtu hulia.

Nilipoanza kazi nilikwenda Mwandoya siku ya mnada, nikaulizia mpaka nikampata kaka yake. "Dada, Minza aliolewa," aliniambia. "Wakahama na mifugo mpaka Katavi. Simu yake siku nyingi haipatikani." Nikamwachia namba yangu. Ni miaka mingi sasa, na kila namba ngeni ikipiga huwa naipokea haraka.

Siku hizi mji una lami, na vijana fulani wameanzisha sinema ya jamii kwenye ukumbi mdogo karibu na soko. Ratiba inakuja kwa simu, ina picha za rangi, jina la sinema na dakika zake. Maandishi ya Kiswahili yanapita chini ya picha, kila neno kama lilivyosemwa. Wanajitahidi, nawapongeza, ila viti vingi havina watu. Nilimwalika binti yangu akaniambia, "Mama, hiyo nimeshaiona kwenye simu." Najua anavyoziona: anasuka nywele huku anarusharusha vipande, na akifika penye huzuni anasogeza mbele kwa kidole. Sisi tulisubiri wiki nzima, tukabanana, tukalia pamoja. Hawa wana sinema zote duniani, na kila mmoja na zake sikioni.

Jana imekuja ratiba ya mwezi ujao, sinema nne. Chini wameuliza: "Mtakuja wangapi, tuwatengee viti?" Nilikaa na simu mkononi, nikipitia majina ya watu ninaoweza kuwaomba tuongozane. Kisha nikaandika: mmoja.