Unga wa Njano wa Yesaya

Mdogo wangu Yesaya Kibona ni daktari, lakini usimpelekee mtoto mwenye homa, atakuangalia tu. Yeye ni daktari wa kemia. Kazi yake yote pale chuo kikuu ni kutengeneza vitu vinavyoshika madini. Siku nilipombana anieleze kwa Kiswahili cha watu, alikunja ngumi, akaizungushia vidole vya mkono wa pili. "Ngumi ni madini, dada. Vidole ndiyo kazi yangu. Natafuta vidole ambavyo vikishika, haviachii."

Na hakuanza hivi hivi tu. Baba yetu aliacha kahawa yake kule Mbebe, akaja huku Mbangala kuchimba dhahabu. Alikuwa anachanganya mchanga na zebaki kwa mikono mitupu, kisha donge linaloshikana humo analichoma jikoni ili zebaki iondoke na moshi, ibaki dhahabu. Mikono ikaanza kutetemeka. Mwisho mama alikuwa anamnywesha uji, mwanamume mzima, jamani! Yesaya aliyaona yote, akaenda nayo shule.

Vidole vyake vilimtesa. Vingine vilishika zebaki vizuri chupani huko Dar es Salaam, lakini akivileta kwenye maji yetu ya tope vinashika shaba, zebaki inapita zake. Wenzake wakapanda vyeo, yeye yuko na chupa. Mkewe akachoka, akaondoka. Hatimaye akapata unga wa njano. Akautia kwenye mifuko ya kitambaa, akaiweka kwenye mfereji wa mwalo wetu, pale tunapooshea mchanga, ili maji yanayoshuka mtoni yawe safi. Alipoyapima, zebaki ilikuwa karibu imekwisha. Nililia kwa furaha mbele za watu, wala sikuona aibu.

Basi akaita mkutano palepale mwaloni awaeleze wachimbaji. Mume wangu, Anania, akanyoosha mkono. "Shemeji, huu unga unashika zebaki tu? Na dhahabu je?"

Nilimkonyeza Yesaya anyamaze. Nani asiyewajua watu wa machimboni? Lakini msomi akiulizwa swali, ni lazima alijibu lote.

"Hata dhahabu unaishika," akasema huku anatabasamu, "ila kidogo sana."

Ee Mungu wangu! Sasa fisi unamwambia kwamba kwenye ngozi kuna nyama kidogo sana?

Mvua zilipokatika Yesaya akarudi kupima. Mifuko ilikuwepo, lakini ndani imejaa mchanga mtupu. Akauliza unga uko wapi. Nilikumbuka kopo lililokuwa pembeni ya jiko langu, ambalo Anania aliniambia ni mchanga tu wa marudio, ule uliokwisha kuoshwa. Kumbe alikuwa anautoa ule unga ukishashiba, analeta nyumbani, anauchoma kutafuta hiyo dhahabu kidogo sana! Zebaki ya mwalo mzima, iliyokuwa inatawanyika mtoni, mdogo wangu ameikusanya vizuri, na mume wangu ameifukiza jikoni kwangu.

Nilimrukia Anania na mwiko, majirani wakatuamua. Yesaya hakupiga kelele. Alinifuata jikoni, akaketi kwenye kigoda.

"Nyoosha mikono, dada."

"Ya nini? Mimi mzima."

"Nyoosha."

Nikanyoosha. Chai niliyokuwa naimwaga kila asubuhi nilisema ni uchovu. Haukuwa uchovu. Vidole vilikuwa vinacheza vyenyewe, vilevile kama vya baba.

Yesaya akaanza kulia. "Ningesema hapana tu. Uongo mdogo tu, dada, ungetosha."

"Usinililie hapa!" nikamfokea, maana nilikuwa naogopa kufa. "Umepata vidole vya kuishika kwenye maji. Haya, nipe vya kuishika humu ndani yangu!"

"Mwilini ni kazi nyingine. Kesho nakupeleka hospitali, kuna dawa za kuitoa. Ila ile iliyokwisha kuingia kichwani..."

Akaishika mikono yangu kwa mikono yake yote miwili, akakaza. Ikaendelea kutetemeka mle mle ndani ya mikono yake.