Machozi ya Mwalimu Klara

Juzi, stendi ya Nachingwea, nilimwona binti wa kizungu akiagana na wanafunzi huku akilia, nikamkumbuka Mwalimu Klara, aliyejitolea kutufundisha nilipokuwa mdogo kijijini kwetu Mbekenyera. Mchana aliokuja kutuaga, mama alikuwa akichoma korosho na uwanja mzima ulinuka moshi. Klara alimkumbatia, akalia kwa kwikwi. Nilidhani amefukuzwa.

“Mama, kwani hana kwao?”

“Anako. Ndiko anakorudi.”

Sikuelewa mtu analiaje akirudi kwao. Leo najua mtu huweza kulilia mahali anapopaacha, hata kama kwao anasubiriwa. Siku ile nilimshika mkono tu.

“Mwalimu, usilie. Kaa kwetu, utalala na mimi.”

Alicheka huku machozi yakimtiririka, akaketi tena mkekani, na barabarani bodaboda iliyokuwa ikimngoja ikaanza kupiga honi.