Shingo Iliyokataa Kuinama

Kuna Jumapili moja naikumbuka vizuri, mwanangu, nawe ulikuwa ungali tumboni. Usicheke kwamba nakuita mwanangu nami bado niko sekondari: mtoto wa dada ni mtoto wako. Mbele ya watu haya hunikamata, basi nakuandikia.

Mjomba wako Kyungu, mdogo wetu, alikuwa ameanguka kutoka juu ya mpapai, kichwa kikagonga jiwe. Alilia, akanyamaza, akarudi kucheza. Ila tangu hapo, kila akiinama kwenye goroli, maji safi kama ya kisima yalimtoka tundu moja la pua. Tukasema ni mafua, upepo wa ziwa. Tena tukamcheka: "Bomba ya mutaa imefika! Leteni ndoo!"

Nkambo, bibi yetu, mama yake Papa, hakucheka. "Mafua gani ya tundu moja?" aliuliza. Hatukumjibu. Sikio halipiti kichwa, lakini yetu siku zile yalikuwa yamepita.

Jumapili hiyo tumetoka misa, bukari, ugali wetu, na samaki wadogo wa ndagala viko mezani. Kwetu hakuna mkono unaogusa chakula kabla vichwa havijainama kwa sala. Kyungu, aliyeamka na homa, alikaa kichwa juu kama askari wa gwaride.

"Kyungu, inamisha kichwa!"

"Papa, siwezi."

"Huwezi? Unamuringia Mungu?" Mkono wa Papa ukainuka.

Nkambo akaushika. "Acha. Mutoto hakatae Mungu. Shingo njo inakataa." Akaweka kiganja kisogoni mwa mtoto, akasukuma polepole, Kyungu akapiga kelele, akatapika. "Mubebe! Bukari itangoja."

Papa alikimbia naye mgongoni hadi hospitali. Daktari akatueleza: mfupa wa kichwa ulipata ufa, yale maji yalikuwa ya kwenye ubongo, na vijidudu viliingia kwa njia hiyo hiyo. "Mungengoja kesho, ningewaambia maneno mengine."

Sindano zilimtesa, lakini alipona. Jumapili aliyorudi mezani aliinama mpaka paji likagusa bukari. Papa akacheka, sala ikaharibika, na Mungu nadhani hakukasirika.

Basi, mwanangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtoto akigonga kichwa, usimtazame siku ile tu. Maji yakimtoka puani au sikioni, usiyaite mafua. Homa ikija na shingo ngumu, usiiite kiburi. Mpeleke hospitali palepale. Na mzee akiuliza swali, mjibu.

Mungu akulindie kichwa chako, na pale mezani pako pasikose mtu wa kuushika mkono ulioinuka.