Maganda Saba Ndani ya Kopo la Mafuta

Niliondoka Tunduma Jumamosi asubuhi nikiwa na hasira, na hasira yenyewe niliiona ni ya haki kabisa. Jana yake mdogo wangu Agnesi alinipigia simu kutoka kwao, milimani juu ya Isongole, akaniambia mama ameanguka tena kwenye shamba la maharage. Ilikuwa mara ya pili ndani ya wiki mbili. Nilimuuliza kama anakunywa dawa yake ya presha. "Anakunywa, kaka. Ila siku hizi kidonge anakisaga kwanza, anatia kwenye uji."

Mama huyo ni Enala, mama yake Agnesi na mdogo wa marehemu mama yangu, aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu. Mimi nauza dawa kwenye famasi mjini, na dawa yake ni mimi ninayemtumia kila mwezi. Daktari aliyemchagulia alimsikiliza sana kwanza. Vidonge vya kawaida vilimletea maumivu ya kichwa, na kile cha mchana alikuwa akikisahau kwa sababu saa hizo yuko shambani. Basi akampa kimoja cha kutwa nzima, kinachomfaa mtu wa maisha yake. Dawa imefungwa ndani ya ganda la polima, jamii ya plastiki, lenye tundu dogo sana. Maji ya tumboni yanaingia, dawa inasukumwa nje kidogo kidogo mpaka kesho yake. Ukikisaga, dozi ya kutwa inaingia mwilini kwa mkupuo, presha inashuka ghafla, na mtu anaanguka.

Saa mbili asubuhi nilikuwa Mpemba, ndani ya gari la Isongole, tukisubiri abiria wengine. Mfukoni nilikuwa na ile karatasi ya maelezo inayokaa ndani ya boksi la dawa. Nilipanga nimwonyeshe mama mstari unaokataza kusaga, kisha nimgombeze mpaka nichoke. Nikaitoa nijiandae. Niseme ukweli: miaka yote niliyouza dawa ile sikuwahi kuimaliza karatasi yake, maana ni Kiingereza cha herufi za kuumiza macho. Mstari wangu niliupata. Chini yake kulikuwa na mwingine, kwamba mgonjwa asishtuke akiona chooni kitu kama kidonge kizima. Ni ganda tupu lisiloyeyuka, dawa yake imeshatoka.

Niliurudia kuusoma pale pale kwenye kiti. Miezi miwili nyuma mama alinipigia akasema kidonge kinatoka kama kilivyoingia. Nilicheka, nikamwambia, "Mama, haiwezekani, hayo ni macho tu." Wiki iliyofuata akapiga tena, nikamjibu mbio mbio kwa kuwa wateja walikuwa wamejaa dirishani. Mara ya tatu nilimwambia ale mboga za majani. Hakupiga tena. Kumbe aliona kwa macho yake, mtaalamu wake akamwambia hajaona, naye akatafuta njia yake mwenyewe. Na njia anayoijua yeye ni jiwe la kusagia ulezi.

Kutoka Mpemba barabara ya lami inapinda kati ya vilima, na kwa kawaida mimi ndiye msemaji wa gari. Siku hiyo nilitazama migomba na kibaridi cha dirishani sikukisikia. Niliona aibu, na nilikuwa na hofu. Angeangukia jiwe, tungekuwa tunazungumza mengine.

Saa nne na nusu, Isongole. Nilinunua sukari na mkate, nikapanda bodaboda kwenda juu kijijini.

Nilimkuta amekaa kibarazani, kiraka cha plasta juu ya jicho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Najua umekuja kunigombeza. Subiri kwanza."

Akaingia ndani akishika ukuta, akatoka na kopo la mafuta ya mgando. Akalifungua akanimiminia kiganjani. Vidonge saba, vizima, rangi imepauka kidogo. Agnesi aligeukia pembeni kwa aibu.

"Nimeviosha kwa sabuni mara tatu, usiogope," mama akasema. "Haya, niambie tena ni macho."

Nikaomba wembe. Nikapasua kimoja mbele yake. Ndani hamkuwa na dawa, mlibaki uwazi na mabaki laini kidogo. Nikapasua cha pili, vile vile. Nikamweleza habari ya ganda na tundu, nikamwonyesha na karatasi.

Alikichukua kile kipande, akakigeuza. "Kwa hiyo dawa ilibaki ndani yangu?"

"Ilibaki."

"Na mimi nilikuwa nasema kweli."

"Ulikuwa unasema kweli, mama. Mimi ndiye sikukusikiliza. Nisamehe."

Akavirudisha vile vingine ndani ya kopo kimoja kimoja. "Wewe tangu utoto husikii mpaka uitwe mara tatu," akasema. "Mimi nikakuita tatu." Halafu akacheka, na mimi nikalia, sioni haya kulisema.

Mchana tulimpeleka zahanati. Muuguzi akampima, akakuta presha iko chini mno kwa ule unga wa kidonge aliokunywa na uji asubuhi. Akamlaza apumzike, akamzuia kunywa kidonge kingine mpaka apimwe upya. Jioni ilipanda kidogo, tukamrudisha nyumbani.

Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, tulirudi kwa muuguzi yule. Presha ilikuwa imepanda zaidi ya inavyotakiwa, akamruhusu aendelee, na apimwe kila wiki. Mama akakimeza kizima, kwa maji, akinitazama usoni kama mtu anayenikopesha imani.

Nilipopanda bodaboda kurudi, alinipa lile kopo. "Nenda nalo dukani. Huko kwako kuna mama wa mtu mwingine anayesaga."

Sasa kopo liko dirishani pangu. Anayenunua dawa ile, kabla sijapokea hela namwonyesha ganda lililopasuliwa na kumweleza atakachokiona. Wengine hukunja pua. Wawili mpaka leo wamekiri kwamba nyumbani kuna mtu anasaga. Niliyojifunza safari ile hayakuwa mengi: mgonjwa akisema ameona, kwanza amini ameona.

Alhamisi iliyofuata safari ile, simu ya mama iliingia saa tano, watu wamejaa dirishani. Niliipokea.

"Mwanangu," akasema, "leo ganda limetoka tena, zima kabisa."

"Nimekuamini, mama," nikamwambia. "Umeamkaje?"

"Nimesimama. Niko kwenye maharage."