Swichi Niliyoichora Kama Waya

Usiku ule nililala mapema, hata kabla ya watoto, kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha na moyo ulikuwa umetulia. Kesho yake saa nne asubuhi tulipaswa kukabidhi umeme mpya wa wodi ya watoto njiti katika hospitali ya wilaya yetu. Mimi ndiye injinia niliyefanya hesabu ya uhakika wa mfumo, yaani hesabu inayojibu swali moja: katika mara mia ambazo wodi itahitaji umeme, mara ngapi utakuwepo?

Nilikuwa nimechora visanduku viwili ubavu kwa ubavu, kimoja cha umeme wa gridi, kingine cha jenereta jipya. Kwa makadirio ya haraka nilikipa kila kimoja tisa ya kumi, yaani katika mara kumi kinashindwa mara moja. Ili wodi iingie gizani lazima vyote viwili vishindwe kwa pamoja, na moja ya kumi ya moja ya kumi ni mara moja tu katika mia. Tisini na tisa. Niliipigia mstari namba ile, nikatia sahihi yangu, nikalala.

Akaja Mwalimu Mbilinyi.

Huyu alinifundisha chuo cha ufundi, miaka mingi iliyopita. Alifariki mwaka jana wakati wa masika, nami sikwenda kumzika. Nilimwambia kila mtu kwamba barabara imekatika, na ni kweli ilikatika, lakini siku mbili baadaye ilipitika na bado sikwenda hata kuhani. Tulikuwa na neno letu la zamani, mimi na yeye. Katika mtihani wa kumaliza chuo alinipa sifuri kwenye swali la mwisho, swali la visanduku hivi hivi. Hesabu yangu ilikuwa sahihi hadi tarakimu ya mwisho. Pembeni aliandika kwa wino mwekundu: "Umehesabu vizuri kitu ambacho hakipo." Sikumwendea kumwuliza maana yake. Nilinuna, nikahitimu, nikaondoka.

Basi niko karakana ya chuo, mchana kweupe, na harufu ya risasi ya kuchomelea waya imejaa kama zamani. Mwalimu alikuwa ubaoni, amevaa koti lake la kaki, mikono ameikunja hadi viwikoni. Alikuwa kijana kuliko nilivyopata kumjua.

Nikasema, "Shikamoo Mwalimu."

Hakuitikia. Bibi yangu alizoea kusema wafu hawapokei salamu, basi nikajua palepale kwamba ni mfu, na kwamba naota. Sikuogopa. Nilichotaka kujua ni anachora nini.

Alikuwa akichora visanduku vyangu. Vilevile, ubavu kwa ubavu, kwa mwandiko wangu mimi, si wake. Alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili akavitazama kwa muda mrefu, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama mtu anayesikiliza injini ili ajue ni plagi gani haichomi. Kisha akafungua mlango wa karakana, akanisubiri nipite.

Nje ya mlango si uwanja wa chuo. Ni jiko, jiko la nyumbani kwake nadhani, ingawa nilipata kuingia mara moja tu nikiwa mwanafunzi. Mafiga matatu, na juu yake chungu kinatokota. Kuta nyeusi kwa masizi. Mwalimu anachutama, anashika jiwe moja kwa mkono mtupu, wala haungui.

"Hili likitoka?"

"Chungu kinamwagika."

Anashika la pili. Ananitazama. Sihitaji kujibu. Anashika la tatu. Kisha anainuka, na kwa chaki anachora ukutani, juu ya masizi, visanduku vitatu. Hakuvipanga duara kama mawe yalivyokaa. Amevipanga kwenye mstari mmoja, kimoja nyuma ya kingine, kama watu wanaopita kwenye njia nyembamba.

Nikasimama pale naangalia, na kitu kikafunguka kichwani mwangu taratibu. Swali lile la mtihani lilikuwa la mashine yenye feni tatu za kuipoza, zimefungwa sambamba kwenye ubao mmoja. Nami nilizichora sambamba, kwa kuwa ndivyo zilivyokaa. Kumbe mashine ile ilizihitaji zote tatu. Ikifa moja tu, mashine inachemka na kuzima. Zilikaa sambamba, lakini kazi yao ilikuwa ya mfululizo. Nilichohesabu mimi ni mashine nyingine kabisa, mashine ambayo haikuwepo.

"Mwalimu," nikasema, "sifuri ile ilikuwa halali yangu."

Akatikisa mkono kama anayefukuza nzi. Si hilo lililomleta.

"Usichore vilivyokaa," akasema. "Chora kinachotegemea nini."

Nikataka kumwuliza, mchoro wangu wa sasa una kosa gani, maana gridi ikizimika jenereta lipo, na jenereta likigoma gridi ipo, hapa hakuna chungu wala mafiga. Lakini moshi ulikuwa umejaa jikoni, na ulipopungua tulikuwa wodini.

Vitanda vidogo vya kioo vimepangwa safu mbili, na kando ya kila kitanda mashine ya kupumulia inavuma polepole. Sista Agnes, muuguzi mkuu wa wodi, ameketi mezani anaandika bila kutuona. Ndani ya kitanda cha kwanza yupo mtoto wa ukubwa wa kiganja, kofia ya sufu kichwani. Kifua chake kinapanda na kushuka. Mwalimu akainama kumtazama, akanyoosha kidole kuelekea dirishani, kule nje ilipo nguzo ya umeme.

"Nenda kule. Urudi hapa kama umeme."

Nami niko nguzoni tayari. Natembea. Sijui ni nani aliyenifundisha kutembea hivyo, lakini ninajua njia, miguu yenyewe inajua. Mbele yangu geti la gridi limefungwa. Nashika njia ya jenereta, geti lake liko wazi, napita huku nacheka peke yangu kwa furaha, kwa sababu ndivyo nilivyoandika kwenye ripoti, ndivyo hasa. Kisha njia zile mbili zinakutana. Zinaingia kwenye chumba kidogo chenye mlango mmoja, na nyuma ya mlango ule nasikia mashine za watoto zikivuma.

Chumba hiki sikukichora. Nikatoa mchoro wangu mfukoni nikaugeuza juu na chini. Mahali pale palikuwa na mstari tu, mstari mwembamba wa kalamu, kama waya.

Mlango una rangi ya kijivu, mbichi. Nikaukwangua kwa ukucha. Chini ya kijivu pana rangi nyekundu, ya zamani, na nikaitambua. Niliiona siku mbili kabla, kwenye chumba cha umeme, juu ya ile swichi kubwa inayohamisha wodi kutoka gridi kwenda jenereta. Ilitolewa jengo la zamani, ikapakwa rangi, ikafungwa kwetu. Niliiona rangi nyekundu pembeni pake nikaenda zangu.

Nikasukuma. Mlango haukufunguka. Nikasukuma tena, ukafunguka kidogo, ukarudi. Upande wa pili uvumaji ulikuwa unapungua.

"Huu una namba gani?" nikauliza, na hata katika hali ile nilitaka kweli kujua, kama mtoto anayeuliza jina la ndege.

Mwalimu alikuwa kando yangu. Akanipa chaki. "Andika wewe. Wewe ndiye uliyeuona."

Nikaandika mlangoni, tisa ya kumi, kwa kuuonea huruma. Tisini na tisa mara tisa ya kumi. Nilikuwa nikizidisha kwa sauti wakati dirisha la chumba changu lilipoanza kuonekana, kisha pazia, kisha bega la mume wangu, na midomo yangu ilikuwa bado inasema: themanini na tisa na kidogo.

Niliketi kitandani. Kulikuwa kunapambazuka. Themanini na tisa na kidogo ni chini ya tisini, na tisini ndiyo ilikuwa namba ya gridi peke yake, zamani, ilipokuwa ikiingia wodini moja kwa moja bila kupitia swichi yoyote. Tulikuwa tumenunua jenereta, tumejenga kibanda chake, tumealika wageni, na kwa hesabu yangu mwenyewe tulikuwa tumewapunguzia watoto wale nafasi yao ya kuwa na umeme.

Nilifika hospitali kabla wauguzi wa usiku hawajabadilishana na wa mchana. Sista Agnes alikuwa anavaa viatu.

"Sista, mlipojaribu kuhamia jenereta wiki hii, swichi ilifanyaje?"

"Ile? Unaishusha mara mbili," akasema bila kushtuka. "Mara ya kwanza haikamati. Tumeshaizoea."

"Kwa nini hamkutuambia?"

"Mama Joshua, mlikuja na makaratasi, mkauliza kuhusu jenereta. Swichi hakuna aliyeuliza."

Bosi wangu, Bwana Haule, nilimkuta ofisini, suti yake imepigwa pasi kwa ajili ya wageni. Niliweka karatasi mbele yake, mchoro mpya, visanduku viwili ubavu kwa ubavu, na cha tatu mbele yavyo, peke yake, ambacho lazima kila kitu kikipitie. Alisoma chini hadi kwenye namba.

"Hii umeifanya lini?"

"Alfajiri hii."

"Na jana hukuiona?"

"Jana niliichora kama waya."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Unajua wageni wako njiani."

"Najua. Nami ndiye niliyetia sahihi, kwa hiyo kama ni kuaibika nitaaibika mimi. Lakini sahihi ile naiondoa."

Aliitazama namba ile tena. Alikuwa na miezi michache tu kabla ya kustaafu, na makabidhiano yale yalikuwa ya mwisho kwake. Kisha akachukua simu. Wageni walikuja hata hivyo, wakanywa soda kivulini, wakaelezwa kwamba kazi itachelewa, wakaondoka wakinung'unika. Bwana Haule hakunisemesha siku nzima.

Siku ya tatu fundi aliifungua swichi ile. Ndani yake meno ya shaba yalikuwa matatu. Mawili yalikuwa meusi. La tatu lilikuwa limeliwa na moto hadi kubaki jembamba kama ukucha, na fundi alipoligusa kwa bisibisi lilidondoka. Bwana Haule alikuwepo. Aliliokota, akalitia mfukoni mwa shati, akasema tu, "Chora mwingine." Nilichora. Swichi mpya, na njia ya pembeni ya kuipita iwapo itagoma, na betri chini ya kila kitanda ili mtoto asitegemee chumba kile peke yake. Mwezi uliofuata tulikabidhi, safari hii bila hotuba.

Jumapili moja baada ya hapo nilipanda kwenda nyumbani kwa marehemu. Mjane wake alikuwa barazani anachambua maharage. Nilimwamkia, akaitikia, akanikaribisha kiti, na kabla sijakaa vizuri nikamwomba msamaha kwa kutokuja msibani. Alisikiliza. Hakusema si kitu, wala hakunilaumu.

Nikamsimulia ndoto yote: karakana, jiko, wodi, mlango. Mume wangu alikuwa ameshaniambia kwamba swichi ile niliiona kwa macho yangu, na kwamba kichwa kilikuwa kinanikumbusha tu kwa sura ya mtu niliyemwogopa. Huenda. Sikuenda kule kubishana hilo. Nilihisi nimepewa neno, na kwamba nyumba ile ilikuwa na haki ya kulisikia.

Nilipomaliza, mama yule aliacha kuchambua.

"Na mimi? Hakusema lolote kunihusu?"

Nilitamani kutunga. Ilikuwa rahisi, neno moja tu la upendo lingetosha. Lakini alikuwa ananitazama usoni.

"Hapana, Mama. Alizungumzia visanduku tu."

Akacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na sikuweza kujua ni wapi kicheko kilipoishia.

"Basi alikuwa mwenyewe," akasema. "Angekutuma salamu ningejua umeota mtu mwingine."

Kisha akausogeza ungo wa maharage kando, akapangusa meza kwa kiganja hadi ikawa safi.

"Hebu nichoree, mwanangu. Maisha yetu yote alikuwa akichora vitu hivyo mezani kwangu, nami nafuta ili niweke chakula. Sikuwahi kumwuliza ni vya nini."

Nikatoa kalamu. Nikauliza nianzie wapi.

"Mwanzo," akasema, akivuta kiti chake karibu. "Na usikimbie. Leo sina pa kwenda."